Bendi ya ngoma mtaani Kigoma: besi za fundi wa Ujiji na ile seti ya dukani, ipi inafaa

Naanza na jibu kabisa ili mwenye haraka asihangaike kusoma yote. Kama mnataka kuanzisha bendi ya ngoma ya mtaa hapa Kigoma, namaanisha ile ya gwaride, vijana wanatembea mstarini na snea (ile ngoma yenye nyaya chini), ngoma za tena (yani tenor, za sauti ya kati) na besi, msinunue seti kamili ya dukani. Nunueni snea tu dukani, besi na ngoma za tena mpeni fundi wa Ujiji, hela itakayobaki ikae kwa ajili ya ngozi za akiba na stiki. Fundi mi nampa nyota nne kati ya tano. Ile seti naipa mbili na nusu, na hiyo nusu ni kwa heshima ya snea zake.

Sa tuingie ndani.

Bendi yetu ni ya mtaa kweli kweli, haina shule wala kanisa wala msikiti. Tuna watoto waliotoka skauti, tuna Watafuta Njia wa Kisabato ambao drili wanaijua kuliko sisi wakubwa, tuna vijana wa madrasa waliozoea kupiga kwenye zafa za maulidi kule Ujiji, na tuna wale ambao hawajawahi kushika chochote ila wanapenda kelele tu, hao ndo wengi. Tunafanyia mazoezi Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, jioni, kabla ya magharibi. Vifaa vya kwanza tuliletewa na mdau mmoja, mtu wa hapa hapa anafanya biashara Dar, akaenda Kariakoo akachukua seti nzima akaipakia kwenye basi ikaja mpaka huku kwetu mwisho wa reli. Kwa hiyo kwenye seti sina uchungu wa hela, nasema nilichokiona.

Seti ilikuja snea nne za inchi 14, tena mbili, besi mbili zote za inchi 24 na jozi moja ya matoazi. Kwa macho asee ilikua inameta, nyeupe na ringi za kung'aa, watoto walishangilia mpaka majirani wakatoka nje. Siku za mwanzo raha tupu. Shida zilianza kujitokeza taratibu na karibu zote ni za vyuma. Ringi na skrubu za kukazia zimepakwa ule mng'ao mwembamba tu juu, na sisi tunakaa pembeni ya ziwa, unyevu wa huku haumwonei huruma mtu, kutu ikaanza kwenye nyuzi za skrubu, ukijaribu kukaza skrubu inagoma, ukilazimisha inakula nyuzi za kule inakoingilia na hapo ndo imeisha, ile sehemu haishiki tena na ngozi inakaza upande mmoja tu. Nikazunguka kutafuta skrubu za aina ile Mwanga sokoni nzima, hamna, saizi yake ni ya peke yake. Mwishowe ni fundi baiskeli aliyetuokoa, kachonga nyingine kwa spoku nene na nati, sura haina lakini inakaza. Funguo ya kukazia nayo ilikuja moja kwa ngoma zote hizo, mkiipoteza uwanjani mazoezi yameisha, kwa hiyo na yenyewe tukamwambia atuchongee za ziada.

Mikanda ya kubebea sitaki hata kuiongelea sana. Ni plastiki nyeupe iliyoshonwa kama ya begi la shule, ndoano ni bati. Besi ya inchi 24 ikining'inia kwenye mkanda ule mtoto akipiga hatua kumi ndoano inafunguka. Fundi viatu akatushonea mingine kwa mikanda ya siti za gari, ile ya kujifunga, hiyo hata ukimning'inizia ng'ombe inabeba.

Lakini snea, nikiri, snea za ile seti ziko vizuri. Sio za kiwango cha wanajeshi, ila sauti ni kali, inakata, zile nyaya za chini ziko sawa na kile kiswichi cha kuzifungua na kuzifunga kinafanya kazi mpaka leo. Ngozi ya juu ni plastiki kwa hiyo mvua inyeshe isinyeshe sauti ni ile ile. Ngozi ya chini ndo nyembamba sana, ile ikiguswa na stiki au kidole chenye kucha imetoboka, wafundisheni watoto wasiweke snea chini kifudifudi kwenye mchanga.

Besi zenyewe sasa. Besi mbili za saizi moja, sauti moja, ngozi ya plastiki laini, ukipiga inatoa "paa" badala ya "duu", yani inasikika kama mtu anapiga boksi. Na ukiwa mbali, mfano upande wa pili wa uwanja wa Lake Tanganyika, unasikia snea tu, besi imepotea njiani. Hapo ndo nikaanza kuulizia fundi.

Fundi wenyewe yuko Ujiji, upande wa kushukia ziwani, jina lake na namba yake siweki hapa maana sijamwomba ruhusa, ila ukifika Ujiji ukauliza mzee anayewamba ngoma utafikishwa, watu wanamjua. Karakana ni kibanda cha mabati na nje chini ya mwembe kuna ngozi zimetandazwa. Mara ya kwanza tulikuta ngoma za kienyeji tu, zile za kuchonga gogo, nikasema moyoni hapa hamna kitu chetu, maana ngoma ya gogo kubebwa kifuani na mtoto wa miaka kumi na mbili kutembea nayo toka Mwanga mpaka Gungu ni adhabu. Nikamwelezea, nikamwonyesha picha kwenye simu, akaangalia weee, akauliza maswali mawili tu: mnatembea nayo au mnakaa nayo, na mnapiga upande mmoja au pande mbili. Hayo ndo maswali yenyewe, sijakutana na muuzaji wa duka aliyeniuliza hivyo.

Alichofanya ni hiki. Mwili wa besi hakuchonga gogo, alichukua plaiwudi nyembamba akaikunja duara, tabaka juu ya tabaka na gundi ya mbao, akabana kwa kamba ikakaa siku kadhaa mpaka ikashika. Ndani akaweka mzunguko wa mbao pande zote mbili ili isipoteze umbo. Halafu ringi ni mbao pia, na kukaza hakutumia skrubu hata moja, ni kamba ya manila inayopita zigizaga toka ringi ya juu kwenda ya chini, kila penye V ya kamba kuna sikio la ngozi, ukilivuta sikio kwenda chini kamba inabanana na ngoma inakaza, ukilirudisha inalegea. Mi nilidhani ni ubunifu wake wa kukosa vyuma, kumbe ngoma za majeshi ya zamani huko Ulaya zilikua zinakazwa hivi hivi kabla ya skrubu, na mpaka leo kuna bendi za gwaride wanazitumia za kamba makusudi. Cha muhimu kwetu ni kwamba kamba haishiki kutu, na ikikatika unaenda duka lolote la vifaa vya wavuvi pale Kibirizi unanunua nyingine.

Ngozi za besi kubwa aliweka ng'ombe, za besi ndogo mbuzi. Ngozi ya mbuzi ni nyembamba inalia juu, ya ng'ombe ni nene inaenda chini. Aliziloweka, akakwangua manyoya, akaziwamba zikiwa mbichi akaacha zikauke kivulini, akasema jua kali la moja kwa moja linazipasua. Zilipokauka zikajikaza zenyewe na masikio yakabaki ya kurekebishia tu.

Na hapa kuna jambo ambalo kwa mtu anayeanza ndo kubwa kuliko yote, saizi. Hizi bendi za ngoma za Marekani, wale wa Drum Corps International, chama chao kimeanza 1971 na fainali ya kwanza wakapigia Whitewater kule Wisconsin 1972, ukiwaangalia mstari wao wa besi hawabebi besi zinazofanana. Kwa kawaida wanakuwa watano, kila mmoja saizi yake, mdogo ana sauti ya juu na mkubwa ya chini kabisa, na mdundo mmoja unagawanywa kati yao, huyu anapiga pigo moja, mwenzake la pili, mwenzake la tatu, ukisikiliza unasikia mtu mmoja anakimbia juu chini. Sasa na seti ya besi mbili zinazofanana utagawanya nini? Hamna. Kwa fundi tuliagiza tano, inchi 18, 20, 22, 24 na 26, na alizipangilia kwa sikio, anagonga ya kwanza anagonga ya pili anavuta sikio la ngozi mpaka zikaachana vizuri. Hiyo huduma dukani haipo hata ulipe nini. Na isitoshe kugawana mdundo namna hii kwa watu wa huku sio kitu kigeni hata kidogo, vijana wetu wameikamata haraka kuliko snea, maana ngoma za Waha na za wenzetu wa Burundi, ng'ambo ya mpaka wa Manyovu, ndivyo zilivyo, ile ya katikati inaongoza na zingine zinajibu na zingine zinashikilia mdundo usikatike. Ngoma za kifalme za Burundi ziliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO 2014, mtu asikwambie bendi ya ngoma ni mambo ya wazungu.

Na hata gwaride lenyewe sio jipya. Kulikua na ngoma ya beni, ilianzia pwani miaka ya mwisho ya 1800, watu wanaiga bendi za kijeshi, wana vyeo, wana sare, kuna kundi la Marini na kuna la Arinoti wanashindana, na wakati wa vita ya kwanza ikasambaa bara pamoja na askari na wapagazi. Nalisema hili kwa sababu kuna mzee mtaani alitupinga kwamba tunafundisha watoto mambo ya kijeshi, nikamkumbusha beni akacheka akasema basi endeleeni.

Turudi kwenye ngoma za fundi maana sio kwamba hazina kasoro.

Kasoro namba moja ni mvua. Kigoma mvua zinaanza kama Oktoba, Novemba na zinaenda mpaka Aprili, Mei, na ngozi ya mnyama inakunywa unyevu hewani hata isiponyeshewa. Besi ya inchi 26 asubuhi ya masika inalegea mpaka inatoa mlio wa kupiga godoro. Unavuta masikio yote mpaka mwisho bado. Dawa ni moto, mnazipasha kwa mbali kama wafanyavyo wapiga ngoma wa huku, au jua likitoka mnaziweka juani dakika chache na kuzigeuza geuza. Kwenye shughuli ya saa mbili asubuhi, mfano Mei Mosi, inabidi kuna mtu kaamka alfajiri na jiko dogo la mkaa. Na jua likizidi masikio lazima yalegezwe, ukiacha imekaza hivyo hivyo mchana kutwa ngozi inachanika ringini. Hiyo ni kazi, mtu wa kuifanya awepo na ajue anachofanya, sisi tumempa msichana mmoja wa kidato cha tatu cheo kabisa, mkuu wa ngozi, na hataki mtu mwingine aguse.

Kasoro ya pili, uzito. Plaiwudi imepunguza sana lakini bado ya inchi 26 ni nzito kuliko ya dukani, anayeibeba awe na kifua.

Kasoro ya tatu ni snea. Tulimjaribu atutengenezee snea moja ya kienyeji, kwa chini akafunga waya wa breki ya baiskeli nyuzi nyuzi, mzee wa watu kahangaika nayo, lakini inalia kama bati lililolegea paani kukiwa na upepo. Snea inataka nyaya zile nyembamba zilizojikunja kama springi, zikae sawa zote kwenye ngozi ya chini nyembamba sana, na ngozi ya juu ikazwe kweli kweli, kamba haifiki kule. Mwenyewe kakubali, kasema hii sio kazi yangu nendeni dukani, na mi nilimpenda zaidi kwa kusema hivyo. Ngoma za tena alizotuchongea, za upande mmoja wazi, ziko vizuri, ni ndogo, ya mbuzi, mbili mbili kwenye fremu moja ya mbao unaifunga kiunoni. Zile mbili za dukani tumezigeuza za kujifunzia.

Ila angalieni mbao. Ngoma za tena za kwanza alizichonga kwa mwembe, mbao nyepesi nzuri lakini mwembe unapendwa na bungua, ukiona unga mweupe chini ya ngoma ujue ndani kuna wageni. Mwambieni mapema kama mnataka mninga, bei inapanda na ni nzito zaidi, ila mninga unakaa. Au kama ni mwembe aupake mafuta ya injini yaliyotumika kwa ndani kabla hajawamba, mwenyewe anajua, ukisema anafanya.

Huduma. Hapa ndo nyota moja imeondoka. Fundi akisema kesho kutwa usikatie hiyo kesho kutwa tiketi. Sio mkorofi, ni kwamba kazi anafanya peke yake na kijana mmoja, na ikitokea msiba au mtu kaleta ngozi nzuri anaacha yako. Oda yetu ilichelewa karibu mwezi. Risiti hatoi, sasa nyie kama ni kikundi kilichosajiliwa na mna mhasibu anayeogopa kivuli chake mtapata tabu, sisi tunaandika hati ya makabidhiano kwenye daftari anaweka dole gumba na mashahidi wawili. Malipo nusu kabla nusu ukichukua. Kwa upande mwingine ngoma ikipata shida unaenda unamkuta, anaikagua mbele yako, marekebisho madogo hachukui hela. Duka la Dar tuliwapigia kuhusu zile skrubu, wakasema mzigo ukishatoka haurudi, mwisho wa habari.

Bei, na hizi ni za tulivyolipa sisi, zinaweza kubadilika. Besi ndogo ya inchi 18 ilikua elfu tisini, kubwa ya 26 laki moja na arobaini, zingine katikati hapo. Fremu ya tena mbili elfu sabini. Kubadili ngozi ya mbuzi elfu ishirini na tano pamoja na kazi, ng'ombe inafika arobaini. Ile seti mdau wetu hakutaja sawasawa ila alisema imekaribia milioni tatu na usafiri. Fanyeni hesabu wenyewe: besi tano za fundi na fremu mbili za tena hazifiki laki nane, ukiongeza snea nne za kununua moja moja bado mna chenji ya kununua stiki na ngozi mpaka mchoke.

Stiki msinunue za bei chee zilizopinda, viringisha juu ya meza kwanza, ikiyumba iache. Za besi fundi anatengeneza, kichwa cha kitambaa cha blanketi kimefungwa kwa ngozi, safi sana. Na msiwape watoto snea siku ya kwanza, mtaua ngozi na masikio ya mtaa. Kata kipande cha tairi kukuu gundisha kwenye ubao, kila mtu na wake, wapige kulia kushoto kulia kulia, kushoto kulia kushoto kushoto, polepole mpaka mikono yote miwili ilingane, ndo wapewe ngoma. Wapigaji wa snea muwatafutie pamba au vizibo vya masikio, snea nne kwenye ukumbi uliofungwa sio mchezo.

Vibali sio vigumu kama watu wanavyotisha, serikali ya mtaa wajue mnapopigia na saa mnazopigia, muepuke nyakati za sala na ibada, na afisa utamaduni wa manispaa atawaelekeza habari za BASATA, lile Baraza la Sanaa la Taifa, mkianza kuitwa kwenye shughuli za kulipwa. Mtaitwa tu. Mahafali, harusi, uzinduzi wa kila kitu.

Jambo moja nilisahau, wasichana. Nusu ya mstari wetu wa besi ni wasichana na kuna jamaa mmoja kutoka ng'ambo, Burundi, alikuja kuangalia mazoezi akashangaa, maana kwao kuna amri ya rais ya 2017 inayokataza wanawake kupiga zile ngoma za kifalme. Kwetu hapa hamna amri hiyo, na fundi wenyewe mikanda ya wasichana aliipima upya bila kuambiwa, akasema mabega yao ni membamba mkanda utateleza. Mwishoni yule jamaa alishika stiki akapiga na sisi nusu saa nzima.

Kwa anayetaka kuagiza, nendeni Juni au Julai wakati wa kiangazi ngozi zinakauka vizuri na mzee hana oda nyingi, mkisubiri Septemba mnakutana na watu wa harusi. Pelekeni vipimo vimeandikwa kwenye karatasi, inchi ngapi upana na inchi ngapi kimo, na mmpeleke na mtoto atakayeibeba kila ngoma, mzee anapenda kumpima mwenye ngoma mwenyewe. Mpigieni simu jioni, mchana haipokei.